Kwanini wanaosoma sana vitabu vya ufuasi hawabadiliki? Naona tunazalisha wasomaji, sio wanafunzi wa Yesu

#1 Kalamu Kavu (mleta mada)
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja.
Nipo kwenye haya mambo ya vitabu vya Kikristo muda mrefu, vya imani, vya ufuasi, vya kubadilika tabia, nasoma na naazimisha watu. Sasa kitu ninachokiona ni kwamba wale wanaosoma kuliko wote kwenye kikundi chetu ndio wako vile vile walivyokuwa. Hasira ile ile, deni la mtu halilipwi, hasemeshani na dada yake, ila muulize tofauti ya kuhesabiwa haki na utakaso, atakufundisha mpaka kunakucha. Halafu kuna wengine hawajawahi kumaliza kitabu zaidi ya zile Injili nne na unaona kabisa wanageuka, hata watoto wao wanaona.
Dai langu: hivi vitabu vinatupa hisia ya kwamba tumefuata wakati tumesoma tu. Anayebisha aje na hoja. Na msinijibu "inategemea", hilo nalijua.

#2 Punda wa Balaamu
Nimewahi siti ya mbele. Wajuvi waje

#3 Tomaso Pacha
Mleta mada umeleta hukumu halafu unaita swali. Nani kakwambia hawajabadilika? Unaona hasira ya leo, hujui ya miaka kumi nyuma ilikuwaje. Labda bila hivyo vitabu jamaa angekuwa ameshamtoa mtu meno.

#4 Kalamu Kavu
@Tomaso Pacha hahaha hiyo "labda angekuwa" ni kinga nzuri sana maana haipimiki. Hawa nimekua nao mkuu, nawajua toka wakiwa na meno yote wao wenyewe.

#5 Mchana Kweupe
Mbona jibu lipo siku nyingi, Yakobo 1:22, iweni watendaji wa neno wala si wasikiaji tu. Mtu akishaelewa sura ya msamaha anapata ile raha kama vile ameshasamehe, anafunga kitabu ana amani tele, aliyemkosea wala hajui kama kuna kitu kimetokea.
Niwape mfano. Niliwahi kununua kitabu cha ufuasi kilichotumika. Mwenye nacho wa kwanza alikuwa anapigia mistari kwa rula kabisa, sura ya kwanza karibu kila ukurasa, ya pili imepungua, ya tatu kuna sentensi moja tu kaipigia mara mbili, inahusu kurudisha ulichochukua kwa mtu, na pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika NIANZE KESHO. Kuanzia hapo kurasa nyeupe pee mpaka mwisho, nyingine zilikuwa bado zimeshikana juu hazijawahi kufunguliwa.

#6 Punda wa Balaamu
NIANZE KESHO 😂😂 mkuu rudisha kitabu changu

#7 Msafiri Mzito
Mimi nasema tatizo ni vitabu vyenyewe, tusiwaonee wasomaji. Vingi vya sasa ni motivesheni iliyopachikwa aya. Mungu ana mpango mkubwa na wewe, ondoa watu hasi, fikiria makubwa, haya msalaba uko wapi? Nenda kasome Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, uone mtu anavyoongelea neema rahisi, neema isiyodai kumfuata Kristo, ya msamaha bila toba. Yule aliandika gerezani akisubiri kunyongwa ndio maana kila ukurasa una uzito. Hawa wetu wanaandika wakisubiri mwaliko wa kongamano.

#8 Karani wa Zamani
@Msafiri Mzito hoja nzuri ila rekebisha hapo. Kile kitabu cha ufuasi kilitoka 1937, Bonhoeffer hakuwa gerezani, alikuwa anaendesha chuo cha wachungaji kule Finkenwalde ambacho Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walikifunga mwaka huo huo. Alikamatwa Aprili 1943 na kunyongwa kwenye kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Kilichoandikwa gerezani ni barua, zilikusanywa baada ya kifo chake.
Na kuna kitu watu hawakitaji. Kwenye barua moja ya Julai 1944 alisema sasa anaziona hatari za kile kitabu chake, ingawa bado anasimama na alichoandika. Alikuwa anaelezea kwamba zamani alidhani mtu anaweza kujifunza kuamini kwa kujaribu kuishi maisha matakatifu. Sasa fikiria, mwandishi wa kitabu kikali kuliko vyote vya ufuasi anakionea wasiwasi yeye mwenyewe.

#9 Msafiri Mzito
Asante Karani. Ila hoja yangu iko palepale, awe chuoni awe gerezani, hakuandika ili watu wajisikie vizuri.

#10 mama_Tabitha
Bwana asifiwe. Nachangia kama mama tu sio msomi. Sisi kwenye kikundi chetu cha kina mama tuna utaratibu mmoja, hakuna kufungua sura ya pili mpaka kila mmoja aseme ya kwanza amefanyia nini. Amefanyia nini, sio amejifunza nini. Kulikuwa na dada mmoja tulipofika sura ya kusamehe akasema jamani mimi hapa siwezi, nikisema nimesamehe nitakuwa nawadanganya. Basi tukakaa. Wiki zikapita, tukifika tunaimba, tunaomba, tunamuuliza, anasema bado. Kitabu chake gundi ilikatika pale pale kwenye ile sura ikawa ukikishika chenyewe kinafunguka hapo. Wengine walinung'unika wakataka tuendelee, mama mlezi wetu akakataa katakata. Siku moja akaja anasema amempigia simu mama yake wa kambo. Hakutuambia walichoongea na hatukumuuliza.
Kitabu chenyewe wala sio maarufu na hakijaandikwa vizuri sana, nawaambia ukweli.

#11 Kalamu Kavu
@mama_Tabitha asante sana mama. Sasa hapo kilichombadilisha ni kitabu au ni nyie kukataa kufungua sura inayofuata?

#12 mama_Tabitha
Roho Mtakatifu mwanangu.

#13 Punda wa Balaamu
Mleta mada umejibiwa, tufunge uzi 😂

#14 Ngamia Sindanoni
Msifunge bado. Heshima kwa mama ila hilo jibu linaweza kufunga mada yoyote duniani. Roho Mtakatifu ndiyo, swali ni kwanini anatumia kitabu kwa huyu na kwa yule hatumii.
Mimi naona ni hali ya mtu kitabu kilipomkuta. Chukueni Ignatius wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti. Mwaka 1521 anapigana Pamplona, tufe la mzinga linamvunja mguu, yuko kitandani kwao anapona taratibu, anaomba hadithi za mashujaa wa farasi na mapenzi maana ndizo alizokuwa anapenda. Nyumbani hazipo. Anapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu, basi. Angekuwa mzima asingevigusa. Na hakusoma akapita, alikuwa anajiangalia, akiwaza ya mashujaa anafurahi halafu anabaki mkavu, akiwaza ya watakatifu ile furaha inabaki. Mpaka akaanza kunakili kwenye daftari, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu, ya Maria kwa wino wa bluu, karatasi karibu mia tatu. Kitabu kilimkuta amevunjika ndio maana kikaingia.

#15 Tomaso Pacha
Kwa hiyo ushauri wako tuvunje watu miguu kwanza?

#16 Ngamia Sindanoni
Kuna watu hapa ningeanza nao

#17 Dada wa Safu ya Nyuma
Naungana na mama Tabitha na napingana na Ngamia. Angalieni hao watu maarufu waliobadilishwa na vitabu, karibu wote kuna mtu pembeni. Wilberforce yule aliyepigania kukomesha biashara ya utumwa Uingereza, alikuwa safarini Ulaya na Isaac Milner, wakawa wanasoma wote kitabu cha Philip Doddridge wakijadiliana njiani, 1785 maisha yake yakageuka. Charles Colson msaidizi wa Rais Nixon, 1973 alienda kwa rafiki yake akamsomea kwa sauti sura ya kiburi kutoka kile kitabu cha C.S. Lewis cha 1942, akatoka pale akashindwa kuendesha gari kwa kulia. Hakusoma, ALISOMEWA. Na yule towashi wa Matendo 8 ana chuo cha Isaya mkononi kabisa, Filipo anamuuliza je yamekuelea haya unayosoma, anajibu nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza. Kitabu anacho, tena Maandiko yenyewe, na bado anataka mtu apande garini.
Ignatius wako ni mmoja tu.

#18 Mchana Kweupe
Ongeza na Augustino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, alivyogeuka bustanini kule Milan 386, alisoma mwenyewe, mvaeni Bwana Yesu Kristo, Warumi 13, akafunga kitabu. Hapo alikuwa peke yake.

#19 Padre Mdogo (si padre)
Hakuwa peke yake bwana, rafiki yake Alipio alikuwepo bustanini. Augustino alipomwonyesha pale aliposoma, Alipio akasoma mstari unaofuata, yeye aliye dhaifu wa imani mpokeeni, akasema huo ni wangu.
Na kabla ya bustani kuna kisa kizima watu wanakiruka. Siku ile ile Ponticianus alikuja kuwatembelea akawasimulia habari za watumishi wawili wa serikali kule Trier, walikuwa wanatembea, wakaingia kwenye kijumba wakakuta kitabu cha maisha ya mtawa Antoni wa Misri, mmoja akaanza kusoma na hapo hapo akaamua kuacha kazi ya serikali, mwenzake akamfuata. Na huyo Antoni mwenyewe alibadilikaje? Aliingia kanisani akasikia Injili inasomwa, enenda ukauze ulivyo navyo. Sasa hesabuni wenyewe, Antoni kasikia, Athanasio kaandika, wale wawili wamesoma, Ponticianus kasimulia, Augustino kawaka moto. Kitabu kiko katikati ila mwanzoni kuna sauti ya mtu na mwishoni kuna sauti ya mtu.

#20 Dada wa Safu ya Nyuma
Padre Mdogo umeupiga mwingi. Hiyo ndo point yangu

#21 Ngamia Sindanoni
Huo mnyororo mzuri lakini unanisaidia mimi pia, Augustino siku hiyo alikuwa ameshachanganyikiwa kabisa, anajivuta nywele, anajipiga kipaji cha uso. Kavunjika vile vile, ila sio mguu.

#22 Mbishi Mwenye Adabu
Mimi sio muumini, nimepita tu, mnisamehe. Kuna kosa la hesabu hapa. Mnataja waliobadilika peke yao. Waliosoma kitabu hicho hicho, na rafiki pembeni, na shida juu, wasibadilike chochote, nani aliandika habari zao? Hawana kitabu. Kwa hiyo kila nadharia mnayoleta itaonekana sahihi maana mnachagua washindi. Hata kwenye vitabu vya biashara ni hivyo hivyo, anayefilisika haalikwi kutoa ushuhuda.

#23 Tomaso Pacha
Karibu sana Mbishi. Hii ndiyo komenti bora mpaka sasa na imetoka kwa asiyeamini, watumishi mpo?

#24 Karani wa Zamani
Tupo. Mbishi ana hoja ila yupo mmoja aliyeandika habari za kusoma bila kubadilika, John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti. Huyu kufikia miaka ya 1720 alishasoma Thomas à Kempis, alishasoma Jeremy Taylor, baadaye William Law, anafunga, anatembelea wafungwa, Oxford wanamcheka kwa ratiba zake. Akavuka bahari kwenda Georgia kuhubiri, akarudi anaandika kwamba alikwenda kuwaongoa wengine kumbe mwenyewe hajaongoka. Yaani ndiye hasa mtu wa mleta mada. Mpaka Mei 1738 akiwa anasoma utangulizi wa Luther kwa Warumi moyo wake ukapata joto.

#25 Dada wa Safu ya Nyuma
@Karani wa Zamani leo na mimi nikurekebishe, nimeisubiri hii nafasi 😀 Wesley hakuwa anasoma. Tarehe 24 Mei jioni alienda mkutanoni mtaa wa Aldersgate, London, tena anasema alienda bila kupenda, na kulikuwa na MTU MWINGINE anausoma ule utangulizi. Yeye alikuwa anasikiliza. Saa tatu kasorobo usiku. Tunarudi kule kule, kasomewa.

#26 Karani wa Zamani
Nimepigwa kwa haki 🙌

#27 Zakayo wa Juu
Ushuhuda wangu mdogo. Niliacha pombe baada ya kusoma kitabu cha nidhamu za kiroho, kufunga, ukimya, sala za saa maalum. Nimeshasimama kanisani nikasema hivyo mara nyingi. Tatizo mke wangu akisikia anacheka, anasema niliacha kwa sababu nilihamishiwa zamu ya usiku na wale jamaa niliokuwa nakunywa nao wakawa wamelala nikitoka kazini. Sasa hata mimi sijui. Kitabu nilikisoma kwenye hiyo hiyo zamu ya usiku.

#28 Punda wa Balaamu
Mungu alitumia ofisi ya utumishi

#29 Mbishi Mwenye Adabu
@Zakayo wa Juu mpe shemeji maua yake. Kwa mara ya kwanza humu mtu kaleta sababu mbili zinazogombana kwa kisa kimoja.

#30 Msafiri Mzito
Jamani turudi kwenye ubora wa vitabu, mnanikimbia. Mbona hatusemi kwamba vingine vina madhara kabisa? Kuna yule Mmarekani aliyeandika 1997 kuwaambia vijana waachane na uchumba wa kisasa, kikasomwa kama sheria makanisani, 2018 mwandishi mwenyewe akasema hakubaliani nacho tena na kisiendelee kuchapwa, mwaka uliofuata akatangaza sio Mkristo tena. Kuna kile cha mtoto aliyedaiwa kwenda mbinguni baada ya ajali, 2015 kikaondolewa madukani baada ya kijana mwenyewe kukiri hakwenda popote. Watu walishalia, walishatoa ushuhuda, walishanunulia wagonjwa. Halafu tunauliza kwanini watu hawabadiliki.

#31 Padre Mdogo (si padre)
@Msafiri Mzito sikatai, lakini ukisema cha kale ni kizuri na cha sasa ni takataka utakwama. Vya kale vibaya vilikufa, vilivyobaki ndo tunavyoviona. Karne ya 17 nayo ilikuwa na takataka zake.
Na kuna vilivyobaki ambavyo aliyetajwa kwenye jalada wala hakukaa akaandika kitabu. Ndugu Lawrence wa Paris, bradha wa Karmeli, mpishi, baadaye fundi viatu wa nyumba yao, alikufa 1691, tulichonacho ni barua na mazungumzo yaliyokusanywa na padre aliyemfahamu. Oswald Chambers alikufa Misri 1917 akihudumia wanajeshi, kile kitabu chake cha kila siku kilitoka 1927, mke wake Gertrude ndiye alikuwa anaandika mahubiri yake kwa hatimkato, akayapanga. Hao walikuwa wanaishi na wanaongea, mwingine akaandika. Naona hapo ndipo penye tofauti na mtu anayeishi ili aandike.

#32 Kalamu Kavu
Nilikuwa sijui hilo la Chambers. Kwa hiyo nusu ya sifa ni za mama.

#33 mama_Tabitha
Zaidi ya nusu.

#34 Babu wa Mstari wa Chini
Nimesoma yote. Vijana mnaongea vizuri lakini mnasoma haraka mno, hilo ndilo tatizo na hakuna aliyelisema. Kumfuasa Kristo, kile cha Thomas à Kempis, hakikuandikwa kisomwe kama gazeti, sura zake fupi, watu wa sala wanachukua kipande wanakaa nacho. Mimi kitabu kimoja kinanitosha muda mrefu sana. Mtu anamaliza kitabu cha toba Jumamosi na Jumapili anaanza cha furaha, ametubu saa ngapi?
Huyo Lawrence aliyetajwa alisema kwenye barua zake kwamba aliona vitabu vingi vina njia nyingi tofauti za kumwendea Mungu akaona vitamchanganya tu, akaviacha akaamua kujitoa kwa Mungu mzima mzima. Sasa na yeye tumemgeuza kitabu cha njia.

#35 Punda wa Balaamu
Shikamoo Babu. Ametubu saa ngapi 😂😂 nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu

#36 Babu wa Mstari wa Chini
Marahaba. Na uanze leo.

#37 Tomaso Pacha
Babu naheshimu ila hapana. Paulo yuko kifungoni anakaribia kufa anamwandikia Timotheo alete joho na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Angekuwa na mawazo yako angesema joho linatosha. Kuna watu kusoma kwingi ndiko kumewaokoa na kumeza kila kinachosemwa madhabahuni. Mimi mmoja wao. Nilikuwa sehemu ambayo mtumishi akisema ameoteshwa, unatoa. Nilipoanza kusoma wengine wa zamani nikakuta waliishi na Mungu bila hivyo vitisho, nikaondoka. Hayo sio mabadiliko? Hasira bado ninayo, mleta mada angenihesabu sijabadilika.

#38 Kalamu Kavu
@Tomaso Pacha hapo umenibana kidogo. Kidogo. Naomba nitofautishe, kubadili mawazo na kubadilika. Wewe ulibadili mawazo na ukahama, vizuri. Ila dada yako unamsemesha?

#39 Tomaso Pacha
Sina dada 😂 Na Warumi 12:2 inasema mgeuzwe kwa kufanywa upya NIA zenu. Nia kwanza. Wewe unataka matunda kabla ya maua.

#40 Msafiri Mzito
Nimalize na Bunyan halafu nikalale. Mnakumbuka Safari ya Msafiri inaanzaje? Mtu ana nguo zimechakaa, mzigo mgongoni, kitabu mkononi. Anasoma, analia, anatetemeka. Kitabu kinamfanya ajue ana mzigo, hakimtui. Anazunguka shambani hajui aende wapi mpaka Mwinjilisti atokee amwonyeshe lile lango. Mzigo unaanguka msalabani, mbele huko. Huyo ni mwandishi aliyefungwa karibu miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali, na kitabu kikatoka 1678. Alijua vitabu vinafika wapi.

#41 Dada wa Safu ya Nyuma
Ahsante kwa kunifanyia kazi yangu. Na maisha yake mwenyewe yalikuwa hivyo hivyo. Mke wake wa kwanza alikuja kwenye ndoa na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, maskini hawana hata vyombo. Bunyan anavisoma, anapata hamu ya dini, anaanza kwenda kanisani, basi, dhamiri haijaguswa. Siku moja yuko Bedford kazini kwake, anawakuta wanawake maskini watatu wanne wamekaa mlangoni juani wanaongea mambo ya kuzaliwa mara ya pili kana kwamba furaha ndiyo inawaongelesha. Anasogea asikilize maana na yeye alijiona mjuzi wa dini. Akagundua haelewi wanachosema. Hao ndio waliomtikisa. Hawajulikani hata majina.

#42 Karani wa Zamani
Kweli kabisa, lakini malizia kisa. Baadaye akiwa kwenye giza zito la mashaka, miaka ya mateso ya moyo, wale wanawake wapo na mchungaji wao yupo, kilichomshika mkono ni nakala kuukuu ya Luther juu ya Wagalatia, imechakaa ukiigeuza inataka kukatika vipande. Akasema ukiacha Biblia hajaona kitabu kingine cha kukifananisha nacho kwa dhamiri iliyojeruhiwa. Alikisoma mwenyewe, hakuna aliyemsomea. Kwa hiyo Bunyan yupo pande zote mbili, msimgombanie.

#43 Ngamia Sindanoni
Dhamiri ILIYOJERUHIWA. Sisemi kitu, nanyamaza

#44 Binti wa Kisimani
Mimi mgeni humu. Nimeokoka hivi karibuni, sina kikundi, sina mlezi, watu wa nyumbani hawataki kusikia haya mambo na ninasoma usiku kwa tochi ya simu nimejifunika shuka. Nikiwasoma hapa naona kama mnaniambia nisipokuwa na mtu wa kunisomea ni bure. Nianze na kitabu gani?

#45 Dada wa Safu ya Nyuma
@Binti wa Kisimani hapana mdogo wangu, sio bure, samahani kama imesikika hivyo. Njoo inbox tuongee, tunaweza kuwa tunasoma wote kwa simu kila mtu alipo.

#46 Tomaso Pacha
Binti umewanyoosha wote kwa posti moja

#47 Babu wa Mstari wa Chini
Binti, Injili ya Marko. Sura 16 tu. Vitabu vingine vitakusubiri, havina miguu.

#48 Msafiri Mzito
Bado sijalala. Marko halafu hicho cha Bonhoeffer

#49 Padre Mdogo (si padre)
Mtu kaokoka juzi unampa Bonhoeffer? Utamfukuza. Mpe Lawrence, ni kifupi na anaongea kama mtu.

#50 Mbishi Mwenye Adabu
Mnamwambia asome haraka, asome taratibu, asome na mtu, asome Marko, kwa posti tano. Binti pole. Hata mimi nilichowahi kumaliza ni kile cha Lewis cha 1942 tu, hakikunishawishi ila kimeandikwa vizuri na hakinitukani.

#51 Karani wa Zamani
@Mbishi @Dada wa Safu ya Nyuma hiyo 1942 imeshapita mara mbili. Kitabu mnachosema, Mere Christianity, kilitoka 1952. Vilikuwa vipindi vya redio vya BBC kati ya 1941 na 1944, wakati wa vita, vikatolewa kwanza kama vijitabu vitatu, cha 1942 ni cha mwanzo tu, na sura ya kiburi haimo humo, iko kwenye cha 1943. Dada tuko sare.

#52 Dada wa Safu ya Nyuma
Vipindi vya REDIO Karani. Watu walisikiliza.

#53 Karani wa Zamani
Kesho